Omo ya Shemeji, Tezi Yangu

Kusi likikaza mwezi wa sita, bahari ya Kigamboni haimtaki mtu mwenye boti ndogo. Wavuvi wa mshipi hukaa barazani wakasimuliana samaki waliowaponyoka. Mwenye busara huitumia miezi hiyo kuipaka boti rangi. Shemeji yangu aliitumia kusoma vitabu.

Alisoma habari za Stanley. Jioni moja akaja kwangu, na kabla hajaketi akanieleza kwamba tarehe 17 Novemba 1874 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na boti ya futi 40 iliyoitwa Lady Alice, imekatwa vipandevipande, akaipitisha Mpwapwa, Ugogoni na Iramba, na tarehe 27 Februari 1875 alikuwa ameshafika Ziwa Victoria, pale Kageye, katika Magu ya leo.

"Kwa miguu, shemeji. Hakuna lami, hakuna kituo cha mafuta. Sisi tuna Hilux."

Nikamkumbusha kwamba Stanley hakuibeba boti ile. Waliibeba wapagazi, yeye alibeba daftari. Shemeji akalitafakari hilo kwa makini, kisha akasema, "Ndiyo maana nimekuja kwako."

Boti yetu ni ya faiba, futi kumi na saba, mashine ya farasi 40, na tuliinunua kwa kuchangiana nusu kwa nusu. Makubaliano hayakuandikwa popote, kwa hiyo mtafsiri wake pekee ni shemeji, na tafsiri yake ni kwamba omo ni yake na tezi ni yangu. Omo ina kamba ya nanga na mahali pazuri pa kukaa. Tezi ina mashine, tangi la mafuta, betri, pampu na tundu la kutolea maji. Tangu tuinunue sijasikia omo imeharibika.

Dada yangu, ambaye aliolewa na mtu huyu kwa hiari yake, alitoa ushauri wa bure. Treni ya SGR inafika Dodoma tangu mwaka 2024. Tupande, tukishuka tuchukue basi la Mwanza, tukodi mtumbwi kwa siku tunazotaka, turudi na samaki. Akapiga hesabu nyuma ya bahasha: mafuta ya kuvuta tela kilomita zaidi ya 1,100 kwenda, na nyingine hizohizo kurudi, na chakula, na gesti. Akaiweka bahasha mezani. Shemeji aliisoma yote mpaka chini.

"Mtumbwi wa kukodi," akasema, "si wetu."

Hakuna hesabu inayoweza kuijibu hoja hiyo.

Wa tatu safarini alikuwa Nahodha. Ni mzee wa Kojani, Pemba, aliyekuja Kigamboni zamani kufuata samaki akabaki, na ndiye anayetutunzia boti. Bahari anaijua kutoka Kilwa mpaka Shimoni kwa harufu. Bara alikuwa hajapita Chalinze. Alikubali kuja kwa sharti moja, kwamba chombo hakiondoki bila nahodha ndani yake. Tulidhani ni maneno ya wazee. Alfajiri ya safari tulimkuta ameshapanda kwenye boti juu ya tela, ameketi tezi, kofia kichwani, kikopo cha tambuu pajani, anasubiri tung'oe nanga.

Alisafiri hivyo, akipungiwa mikono na watoto wa shule, mpaka Kibaha, tuliposimamishwa na trafiki.

"Huyu ni abiria au mzigo?"

"Ni nahodha," akasema shemeji.

"Nahodha wa nini?"

"Wa hiyo boti."

"Boti si inakwenda sasa hivi?"

"Inakwenda."

"Nani anaiendesha?"

"Mimi."

"Basi nahodha ni wewe. Yeye ashuke."

Mzee akashuka. Hukumu ile ilimuuma kuliko faini ambayo ingetuuma sisi, na hakumsemesha shemeji tena mpaka tulipoipita Chalinze. Hapo alilazimika.

Ilikuwa hivi. Usiku wa kuamkia safari aliyepakia ni shemeji. Kulipokucha, deli la barafu, nanga, madumu ya maji, gunia la mkaa na sufuria zote zilikuwa tezi. Omo ilikuwa tupu, imefagiliwa. Nilinyamaza, maana sikutaka kuianza safari ya ziwani kwa kesi ya ardhi. Lakini tela halinyamazi. Likibeba uzito mwingi nyuma ya ekseli, shingo yake inainuka, nayo inainua tako la gari, na tairi za nyuma zinabaki kugusa lami kwa adabu tu. Wanaojua mambo haya hutaka kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela ilalie shingoni. Letu shingoni halikuwa na kitu ila jina la shemeji.

Barabara ikaanza kuteremka, spidi ikafika themanini, na tela likaanza kucheza. Mara kushoto, mara kulia, pole pole. Kisha likanogewa. Kwenye kioo niliiona boti yetu ikitokea upande mmoja wa gari, ikipotea, ikitokea upande wa pili, na basi lililotaka kutupita likaghairi. Shemeji alikuwa amenyanyua mguu ili akanyage breki, jambo ambalo lingetukunja katikati ya barabara, Nahodha alipopiga ukelele kutoka kiti cha nyuma:

"Legeza tanga! Legeza!"

Sijui shemeji alielewa nini, ila mguu ulibaki hewani. Gari likapunguza mwendo lenyewe, na tela likachoka kucheza, likatulia.

"Tezi imelemewa," akasema Nahodha. "Chombo hiki hakina omo."

Tukasimama tukahamisha. Nanga mbele, deli mbele, mkaa mbele, madumu mbele. Shemeji alisimama kando akitazama milki yake ikijazwa makaa.

Baada ya Morogoro tukaanza kukutana na ukarimu. Kila lori lililotoka mbele lilituwashia taa. Kwa barabara zetu kuwashiwa taa mchana ni salamu ya heri, kwamba mbele kuna trafiki na tochi, punguza mwendo. Shemeji alipunguza, akanyoosha mkono dirishani kushukuru, akaenda hamsini kamili. Hatukukuta trafiki. Likaja lori lingine, taa. Akashukuru tena. Mabasi, mafuso, hata gari la mazishi, wote taa. "Watu wa njia hii wana upendo," akasema. "Lakini leo trafiki wamejificha vizuri sana." Tulikuwa tumeshaipita Gairo tukitambaa hamsini wakati dereva mmoja, aliyechoka kupenda, alipotupita kwa nyuma, akashusha kioo na kutupigia kelele kwamba gurudumu la tela linawaka moto.

Halikuwa linawaka. Lilikuwa linafuka tu, na kitovu chake hakishikiki.

Hapa ni lazima nieleze, kwa sababu ni habari itakayomfaa mtu. Tela la boti ni chombo pekee cha barabarani kinachozamishwa baharini kwa makusudi. Unalivuta, beringi zinapata joto. Unafika ufukweni, unalitia majini papo hapo. Kitovu kinapoa ghafla, hewa iliyo ndani inasinyaa, nayo inavuta maji ya chumvi kupitia kwenye sili. Ukifanya hivyo kila Jumamosi, grisi yako inageuka nyeupe kama tui la nazi, na beringi inaoza kimyakimya huku ikikuchekea. Ya kwetu ilitunza hasira zake kutoka Kigamboni mpaka nje ya Kibaigwa, mji mkuu wa mahindi, mahali ambapo boti ya mwisho kuonekana pengine ndiyo ile ya Stanley.

Fundi wa Kibaigwa alikuja na nyundo, jeki na kundi la watazamaji. Hakulitazama gurudumu kwanza. Aliizunguka boti yote.

"Mnaipeleka wapi?"

"Mwanza."

"Mwanza hakuna boti?"

Ni swali tuliloulizwa mpaka likatuzoea, na kila mara shemeji alilijibu kwa heshima ileile: zipo, lakini si zetu. Fundi akatikisa kichwa, akalala chini ya tela, akatoka na vipande vyeusi kiganjani. Nikaona safari imekwisha. Beringi ya tela la boti utaipata wapi katikati ya magunia ya mahindi? Akavifuta kwa tambara, akasoma namba, akamwita kijana. "Kalete ya Hiace, ya mbele." Kumbe fundi aliyetuchomelea tela lile Gerezani alitumia vitovu vya Hiace kuukuu. Wakati ule nilimwona mbahili. Sasa namwona mwenye hekima ya nabii, kwa sababu hakuna mji wala kijiji kwenye lami ya nchi hii usio na Hiace, na penye Hiace pana beringi yake. Anayefikiria kuagiza tela zuri kutoka nje aulize kwanza kama Kibaigwa wanalifahamu.

Tangu hapo tukawa wauguzi. Kila tuliposimama, wenzetu walishuka kununua mahindi ya kuchoma. Sisi tulishuka kuyagusa magurudumu kwa kiganja tukipima homa. Tulikagua mikanda, tukakaza, tukakagua taa za tela ambazo zilizima kila tulipovuka tuta na kuwaka kila tulipolipiga teke. Usiku Dodoma tulizunguka mji tukitafuta gesti, si yenye vitanda safi, bali yenye geti pana. Mhudumu akatutoza maegesho ya basi kwa hoja kwamba chombo chetu kina viti. Sikubishana. Nilikuwa nimeshaelewa kwamba aliyekwenda likizo ni boti. Sisi ni wasindikizaji wake, na wasindikizaji hulala wanapopewa. Nahodha ndiye pekee aliyelala alipotaka, yaani ndani ya boti, chini ya turubai, katika baridi ya Dodoma ambayo asubuhi aliisema kwa maneno ya Kojani nisiyoweza kuyaandika.

Maeneo ya Manyoni tulisimama kivulini kupima homa. Nchi yote ilikuwa kavu, vichaka vimekauka, mbuzi wanatembea na vumbi lao. Mzee mmoja mwenye fimbo akaja, akasalimiana na Nahodha kama ilivyo ada ya wazee, akaitazama boti muda mrefu. Kisha akatugeukia sisi vijana, na sauti yake ilikuwa na manung'uniko.

"Nyinyi mmetoka Dar es Salaam?"

"Ndiyo, mzee."

"Huko taarifa za mvua mnazipata mapema."

Tukasema wakati mwingine.

"Sasa hii ya safari hii inakuja lini? Maana sisi huku hatujaambiwa. Mwaka wa El Niño hatukuambiwa, tukaona maji tu. Sasa nyinyi mmeshafika na boti kabisa, na Mamlaka ya Hali ya Hewa iko kimya."

Shemeji alijaribu kumweleza habari za Stanley. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa upole, akaondoka kwa haraka kidogo kuliko alivyokuja. Tulipokuwa tunaingia garini tulimwona kwa mbali akiwaswaga mbuzi wake kuelekea mlimani.

Singida ilikuwa mtihani wa namna nyingine, kwa sababu Singida ina maziwa. Ziwa Singidani liko pale pale mjini, na Kindai halina umbali. Bodaboda mmoja alitufuata kutoka kituo cha mafuta, akatukata mbele na kutuzuia kwa nia njema kabisa. "Wazee, mmelipita! Ziwa lile pale!" Nilimtazama shemeji. Maji yalikuwa yanameta, na mgongo wangu ulikuwa tayari kukubali ziwa lolote, hata la chumvi lisilo na sangara. Shemeji akakaza macho mbele. "Stanley hakuishia Singida," akasema, akakanyaga mafuta. Tulinunua alizeti dumu moja na kuku wa kuchoma, tukaendelea. Dumu lile mliweke akilini.

Mteremko wa Sekenke tuliushuka kwa gia ya pili tukiwa kimya watatu wote, tela lisilo na breki likitusukuma mgongoni kwa adabu ya mtu aliye nyuma yako kwenye foleni ya benki. Igunga, Nzega na Tinde zilipita bila kisa, na sina la kusema juu yake zaidi ya kwamba lami ni nzuri.

Tulipoipita Shinyanga na kuikaribia Misungwi, Nahodha akaomba tusimame. Kando ya barabara palikuwa na shamba la pamba lililobakiza mavuno ya mwisho, vitumba vimepasuka vyeupe. Mzee huyu maisha yake yote amekalafati majahazi kwa pamba. Ameisokota, akailowesha mafuta, akaigongomea katikati ya mbao. Hakuwahi kuuona mti wake. Akashuka, akamwamkia mama mwenye shamba, ambaye kwa umri angekuwa bintiye, naye akaona haya akamwamkia yeye, wakaelewana. Alirudi na mfuko uliojaa, akicheka peke yake. "Huota," akatuambia. "Huota kwenye mti, wanangu. Mimi nikidhani hutoka dukani kwa Mhindi."

Mwanza tulifika jioni. Kesho yake tukashughulikia vibali, tukaelekezwa mwalo wa kushushia boti, na hapo ndipo sehemu ngumu ya safari ilipokuwa inatusubiri, nayo haikuzidi mita thelathini.

Kuvuta tela mbele anaweza mtu yeyote. Kulirudisha nyuma ni elimu nyingine. Gari peke yake ukikata usukani kushoto huku unarudi, tako lake huenda kushoto. Lifungie tela sasa: unakata kushoto, tako la gari linakwenda kushoto, na kwa kufanya hivyo linalisukuma tela liende kulia. Mwaloni kila mtu anajua kuelekeza gari, na hakuna anayejua kuelekeza tela. Kwa hiyo ushauri wote aliopewa shemeji, na ulikuwa mwingi, ulikuwa sahihi kwa chombo kingine.

"Njoo! Njoo! Kata kushoto! Kata yote!"

Alikata yote. Tela likaenda kulia yote, kwenye dagaa za mama mmoja alizozianika mchangani.

"Vunja! Vunja! Rudi mbele!"

Akarudi mbele. Akaja tena. Likaenda upande wa pili, kwenye dagaa za mama mwingine. Mialo yetu ina sifa hii, kwamba hakuna upande usio na dagaa za mtu. Wavuvi waliokuwa wanashona nyavu waliziweka chini. Vijana wa kubeba mizigo walikaa juu ya mizigo yao. Mama wa kwanza akaanza kuzihesabu dagaa zake kwa sauti, naye mama wa pili akatangaza bei. Shemeji alikuwa ametokwa jasho mpaka kwenye mkanda wa suruali, gari na tela vimekunjana vinatazamana, wakati Nahodha alipotema tambuu, akaenda mpaka dirishani.

"Mwanangu, wewe umeshika usukani wa gari. Shika kana."

"Kana iko wapi, Mzee?"

"Weka mkono hapo chini ya duara. Chini kabisa. Sasa wataka tezi iende wapi?"

"Kulia."

"Basi peleka mkono kulia. Kidogo. Usiupige makofi, uombe."

Tela likaenda kulia.

"Nyoosha. Sasa kushoto, kidogo. Hewala."

Mzee huyu hajawahi kuendesha hata baiskeli. Lakini kwenye jahazi anayeongoza hushika kana, na kana ukiisukuma kushoto omo huenda kulia. Ukiisukuma demani, chombo huelekea joshini. Amefanya hivyo tangu utoto. Kinyume kile kilichokuwa kinatuvunja vichwa ndicho kitu cha kawaida katika maisha yake, na la ajabu kwake ni gari, linalokwenda huko huko unakolielekeza. Boti iliingia ziwani imenyooka, katikati ya dagaa za pande zote mbili, na mwalo ukapiga makofi.

Makofi yalikuwa hayajaisha shemeji, aliyesimama omo akiwapungia watu mkono, aliponigeukia.

"Shemeji, upande wako unaingiza maji."

Nikaenda tezi. Maji yalikuwa yanaingia kwa furaha kupitia lile tundu. Nguruzi haikuwepo. Shemeji akakumbuka kwamba aliichomoa yeye mwenyewe Kigamboni alipokuwa anaiosha boti, akaiweka mahali salama. Mahali penyewe ni droo ya kabati la dada yangu, na sidhani kama duniani kuna mahali salama zaidi, kwa maana ya umbali. Nilikumba maji kwa sufuria ya ugali huku yeye akinieleza kwa utulivu kwamba tundu, kwa mujibu wa mpaka, liko kwangu.

Nahodha akavunja kijiti cha mwarobaini, akakichonga kwa kisu cha samaki, akakizungushia pamba ya Misungwi iliyolowa alizeti ya Singida, akakigongomea kwa kisigino cha nanga. Nguruzi ile haijavuja hata tone mpaka leo. Ya kiwandani ilikuwa inatokwa na jasho.

Kisha akainama ubavuni, akatazama maji yalipofika. "Chombo kimezama zaidi," akasema. "Maji haya hayabebi." Ni kweli. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa kama asilimia mbili na nusu, na kwenye maji matamu kila chombo hukaa chini zaidi. Kwa boti kama yetu tofauti ni milimita chache. Nahodha alisema shubiri, na alibaki na shubiri yake.

Mashine nayo ikawaka bila hamu. Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na mashine iliyopimiwa pwani hupungukiwa huko juu kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Yaani farasi wetu 40 walianza safari pamoja, na wanne walibaki njiani, nadhani Gairo. Boti iliyozoea kuruka juu ya maji ilitembea imeinua omo, tezi imezama, na aliyeketi omo alisema mandhari ni nzuri.

Tukavua. Tulinunua furu za chambo, tukarambaza kandokando ya mawe asubuhi mpaka jua la utosi, tukiwapisha viboko ambao Nahodha alikataa kabisa kuwazoea. (Papa, alisema, ana adabu: hatoki majini kukufuata.) Na samaki alikuja. Mshipi wa shemeji ulikazika, akapiga kelele, akavuta, akalegeza, akavuta, na akamtoa sangara wa kweli, anang'aa, macho ya dhahabu. Sangara wakubwa wa ziwa hili wanapita uzito wa mtu. Huyu hakupita uzito wa mtoto mchanga. Sheria yetu inakataza kumchukua sangara aliye chini ya sentimita 50, na shemeji ni mtumishi wa umma. Tukamlaza juu ya rula. Arobaini na saba. Shemeji akamnyoosha. Arobaini na saba na nusu. Akapendekeza mkia upimwe ukiwa umebanwa, kisha akapendekeza rula ipimwe. Nahodha akamchukua samaki mikononi mwake bila kusema neno, akamrudisha ziwani. Sangara alikaa kidogo ubavuni mwa boti, kama anayetaka kuuliza Mwanza hakuna wavuvi, halafu akazama.

Huko nyuma mwaloni mambo yalikuwa yameshachukua mkondo wake. Mwalo ule hupokea magari yenye matela kutwa nzima, ya barafu, ya dagaa, ya mbao za mitumbwi, na pawatila zisizohesabika. Na madereva wote walikuwa wameona. Tuliporudi kutoka kuvua, palikuwa na foleni inamsubiri Nahodha. "Mzee wa kana yuko wapi?" Alikuwa anasimama dirishani, anaweka mkono wa dereva chini ya usukani, anasema neno moja au mawili, na tela linaingia. Walimlipa kwa sato. Sato wazima, wanene, wa kipimo halali. Samaki wote tuliokula likizo nzima, wa kukaanga, wa nazi, wa kuchoma, walitokana na kurudisha nyuma matela ya watu. Siku za mwisho hatukuiingiza boti ziwani kabisa; tuliiegesha chini ya mti tukawa tunamletea mzee maji ya kunywa.

Tulipofunga mizigo, yeye hakufunga. Alituambia atarudi na kaskazi. Nikamwambia huku basi halingoji kaskazi. Akasema anajua, lakini yeye ndivyo alivyozoea kurudi nyumbani.

Kwa hiyo tulirudi wawili, na katika wawili hao hakuna aliyeweza kushika kana bila kusimamiwa. Kutoka Mwanza mpaka Dar es Salaam hatukurudi nyuma hata hatua moja. Kituo cha mafuta tulichagua chenye mlango wa kuingilia na mwingine wa kutokea. Gesti ya Dodoma tuliipita tukalala garini, kando ya barabara, tumeelekea mashariki. Tulipokosea njia Morogoro mjini, tulikosea mpaka mwisho, tukatokea upande wa pili na kuanza upya.

Nyumbani kwa shemeji, Kigamboni, boti huingizwa uani kwa kurudi nyuma. Yeye aliingia mbele. Hilux ikafika mpaka mlango wa jikoni ikagota, omo ikawa ndani ya geti, tezi nje, katikati ya njia ya mtaa. Wapita njia wanaizunguka kupitia mtaroni. Mjumbe amekuja na daftari kuuliza ni chombo cha nani kinachozuia njia, na shemeji alimkaribisha vizuri, akampa kiti na chai, akamwonyesha kwamba sehemu iliyo ndani ya geti ni yake, na haimsumbui mtu. Ile iliyo barabarani ina mwenyewe. Akamwandikia namba yangu ya simu.